Wembe wa kukunja wa kale: kuuchagua, kuufufua na kuutunza

Wembe wangu wa kwanza wa kukunja ulifika Mombasa ndani ya soksi. Kaka yangu aliyeko Manchester aliuokota kwenye gulio la Jumapili, lile ambalo watu hufungua buti za magari na kuuza vitu vya babu zao, akalipa pauni 4, akausokomeza kwenye soksi ya sufi na kuutia sandukuni. Nilipoufungua, kutu ilinimwagikia mapajani kama unga wa kahawa. Nikaifuta shingo yake kwa kidole, nikasoma herufi moja moja: WADE & BUTCHER, SHEFFIELD.

Wiki mbili baadaye nilikuwa nimeshauua. Niliupeleka kwa fundi mwenye mota ya kung'arishia vyuma, nikamwambia autie mng'aro. Aliutia kweli, hata nikaona meno yangu ndani yake. Lakini karibu na makali palikuwa na utepe mwembamba wa buluu, na sikujua maana yake mpaka niliponoa siku tatu mfululizo bila kupata kitu. Chuma kilikuwa kimepata moto kikalegea. Simlaumu fundi, mimi ndiye niliyempa kazi ya wembe kwa mashine ya kung'arishia bomba.

Tangu hapo zimepita mikononi mwangu nyembe kama arobaini, na msimamo wangu ni huu: wembe wa kale huuawa na mrekebishaji mara nyingi kuliko kutu. Kwa hiyo mwongozo huu ni wa mtu asiye na haraka na mwenye mkono mwepesi.

Kuusoma wembe

Jua viungo vyake kwanza, la sivyo hutaweza hata kumuuliza muuzaji swali. Kuna makali na kuna mgongo. Mgongo si wa kutia nguvu tu: wakati wa kunoa, mgongo na makali hulala juu ya jiwe kwa pamoja, kwa hiyo unene wa mgongo ndio unaoamua makali yatakaa kwa pembe gani. Kati yao kuna tumbo lililobonyea. Mbele ni kichwa, upande wa mkono ni kisigino, kisha shingo ambako jina la mtengenezaji hugongwa, na mwisho mkia uliojikunja ambao kidole cha mwisho huegemea. Mpini ni vibao viwili vilivyobanwa kwa ribiti, yaani vijiti vya chuma vilivyogongwa vichwa pande zote mbili, na katikati yao, upande wa mwisho, hukaa kabari ndogo. Kwenye nyembe za zamani kabari hiyo mara nyingi ni ya madini ya risasi; ukiishika, nawa mikono kabla ya kula.

Upana huhesabiwa kwa sehemu za nane za inchi. Wembe wa 5/8 una kama milimita 16, wa 6/8 una 19, wa 7/8 una 22. Anayeanza achukue 5/8 au 6/8. Zile pana kama panga ndogo zinapendeza machoni, lakini chini ya pua zinakusumbua.

Miji ni minne ya kukariri. Sheffield, Uingereza, ndiko Benjamin Huntsman alikoanzisha kuyeyusha chuma ndani ya vyungu katika miaka ya 1740, na ndiyo sababu nyembe nyingi za huko zimegongwa maneno CAST STEEL. Majina yake makubwa ni Joseph Rodgers & Sons wenye nyota na msalaba, George Wostenholm mwenye alama ya I*XL, na hao Wade & Butcher. Solingen, Ujerumani, ni nyumba ya J. A. Henckels, wenye alama ya pacha wawili iliyoandikishwa mwaka 1731. Jina lenyewe la Solingen lililindwa kwa sheria mwaka 1938 ili kila mtu asiligonge tu kwenye bidhaa yake. Thiers, Ufaransa, kuna Thiers-Issard. Eskilstuna, Uswidi, walikuwapo C. V. Heljestrand na Erik Anton Berg. Ukiniuliza mimi, Mswidi ndiye wa kuanzia: chuma kigumu, kilichosagwa kwa usawa, ila wakusanyaji wengi bado wanakimbilia Sheffield kwa sababu ya jina.

Nyembe za Sheffield za mwanzoni mwa karne ya 19 ni nzito, nene kama kabari. Za Solingen za mwishoni mwa karne hiyo zilisagwa pande zote mbili mpaka tumbo likawa jembamba, ukiligusa kwa ukucha linalia. Nzito husamehe mkono usiotulia. Nyembamba hukusimulia kila unywele unaoukata.

Umri utausoma shingoni. Sheria ya forodha ya Marekani ya mwaka 1890 ililazimisha bidhaa za kigeni ziandikwe nchi zilikotoka, kwa hiyo ukiona ENGLAND au GERMANY, mara nyingi wembe ni wa baada ya hapo; ukiona jina la mji tu, huenda ni wa kabla. Taji lenye V na R ni la enzi za Malkia Victoria, 1837 hadi 1901. W. GERMANY ni kati ya 1949 na 1990. Dalili hizi si hati ya kiapo, zitazame pamoja na umbo.

Unaweza kujiuliza kwa nini vitu vya umri huu bado vinauzwa kwa bei ya chapati na chai. Jibu ni King C. Gillette, aliyepata hataza ya wembe wake wa kubadilisha mwaka 1904. Baada ya hapo, kila nyumba ya Ulaya na Marekani ilibaki na wembe wa babu ndani ya droo, na sasa droo hizo zinamwagwa magulioni.

Ukaguzi kabla ya kutoa hela

Shika wembe mbele ya taa, makali yakikutazama. Makali mazima hayarudishi mwanga. Palipo na kijicho kinachomeremeta pana pengo au ubutu. Kisha pitisha ukucha wa kidole gumba taratibu ubavuni mwa makali, ukiyasukuma kidogo sana, huku unaangalia kwa kile kioo cha kukuzia cha masonara. Ufa huonekana kama unywele mweusi unaofunguka na kufunga. Wembe wenye ufa urudishe mezani kwa muuzaji hata kama ni wa bure, kwa maana ufa hukua, na siku moja utakua shavuni.

Ulaze juu ya kioo. Makali yakiwa yamenyooka, au yametokeza kidogo katikati kama mtu anayetabasamu, sawa. Yakiwa yamebonyea katikati, yamenuna, utalazimika kuyala sana kwenye jiwe kabla hayajakaa sawa. Tazama na mgongo: bapa mbili nyembamba zilizo sawa ni alama ya kunolewa kwa kawaida. Bapa pana upande mmoja na nyembamba upande wa pili ni alama ya mtu aliyekuwa akilalia mkono, na pembe ya wembe huo tayari imepotoka.

Kutu nyekundu ya juujuu isikutishe. Kinachotisha ni vishimo vyeusi vilivyo ndani ya milimita 2 kutoka makali, kwa sababu ukinoa unafika kwenye kila kishimo, nacho kinageuka pengo. Vishimo vilivyo mgongoni au tumboni ni makunyanzi ya uzee tu.

Mpini unahitaji macho zaidi, na kwa sisi wa huku unahitaji pia kujua sheria. Mafundi wa Sheffield walipenda sana pembe za ndovu, na katika karne ya 19 nyingi za pembe za Afrika Mashariki zilipitia Unguja kuelekea masoko ya ng'ambo. Ajabu ni kwamba pembe iliyoondoka hapa kichwani mwa mpagazi leo inaweza kutaka kurudi ikiwa mpini wa wembe. Usiirudishe. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku mwaka 1989, mwaka uleule Kenya ilipochoma tani 12 hadharani, na mwaka 2016 ikachoma tani 105. Ng'amba nao, wale kasa ambao magamba yao yalikuwa mali ya pwani hii tangu zama za majahazi ya kwanza, wamelindwa vilevile. Mpini wa gamba la kweli una mawingu ya rangi ya asali yasiyojirudia. Wa pembe ya ndovu una vistari vinavyopishana kama nyavu mwishoni mwake. Vistari vikiwa vimenyooka sambamba toka mwanzo hadi mwisho kama daftari, hiyo ni seluloidi, plastiki ya zamani. Usijaribu kwa sindano ya moto kama wengine wanavyoshauri, maana seluloidi hushika moto kwa kasi ya kiberiti.

Seluloidi ina uchawi mwingine mbaya. Ikizeeka hutoa mvuke wenye asidi, na mvuke huo hula wembe ukiwa umefungwa. Ukiona mpini mzuri wa rangi rangi lakini wembe umeoza hasa pale unapolala ndani ya mpini, nusa. Harufu ya kafuri ni ya kawaida. Harufu kali ya asidi, au ukungu wa chumvichumvi juu ya vibao, ni dalili kwamba mpini unakufa na unaondoka na wembe.

La mwisho: kwenye mitandao utaona nyembe mpya za bei poa, mpini wa kupendeza, chuma chenye mawimbi. Nyingi ni vitu vyenye sura ya wembe. Mgongo haulingani na upana, chuma ni laini, na hakuna jiwe litakalokusaidia. Na kama ndugu anakuletea kwa ndege, mwambie aweke kwenye sanduku la chini. Mkononi utaishia kwenye pipa la uwanja wa ndege.

Kuondoa kutu bila kuondoa wembe

Kwanza uue makali. Yapitishe mara moja mbili, bila nguvu, juu ya ukingo wa glasi, kama unayekata ukingo huo. Utayanoa upya baadaye, na kwa sasa hutaki kitu kinachokata kitelezee kidoleni kikiwa na mafuta.

Osha kwa maji vuguvugu na sabuni, tumia mswaki wa zamani, hasa palipo na ribiti. Kausha, halafu pangusa wote kwa spiriti ya asilimia 70. Wembe wa mtu usiyemjua umekula ndevu za miaka mia, usione haya kuusafisha mara mbili. Jiki usiiguse: inaua vijidudu sawa, ila inakula chuma cha kaboni ukiwa unatazama.

Paka mafuta ya cherehani au WD-40 na uache usiku kucha. Asubuhi sugua kwa nyuzi laini za chuma, namba 0000, ambazo mafundi wa fanicha wanazo. Usipozipata, kunja karatasi ya foili ya jikoni, ichovye maji, usugue nayo. Alumini ni laini kuliko chuma, kwa hiyo inabeba kutu bila kukwaruza sana. Mara nyingi kazi huishia hapa. Chini ya wekundu utakuta rangi ya kijivu iliyokolea, na hiyo si uchafu. Ni ngozi ya chuma kilichozeeka vizuri, na inakikinga.

Kama kutu imeshika zaidi, chukua msasa wa maji wa wapaka rangi za magari. Namba ikiwa kubwa, msasa ni laini zaidi, na mawe ya kunolea ni vivyo hivyo. Anza na namba 800, si 200 kama fundi mwenye pupa, kisha 1000, 1500, 2000. Ufungie kwenye kipande cha kizibo, laza wembe juu ya ubao ili mgongo na makali vyote viegemee, usugue ukitoka mgongoni kuelekea makali. Kamwe usielekee kidoleni. Usiguse mgongo wenyewe: kila unachokwangua hapo unaibadilisha pembe ya kunolea.

Tazama tumboni kabla ya kusugua. Nyembe nyingi ziliandikwa kwa asidi na kupakwa dhahabu nyembamba sana: maua, meli, majina. Brasso, ile dawa ya kung'arishia shaba, huimaliza dhahabu hiyo kwa dakika chache. Nilikuwa na Mjerumani mwenye meli ya matanga mawili. Leo ana bahari tupu. Penye dhahabu tumia mafuta na kidole tu.

Mashine isubiri kazi nyingine. Chuma hiki kina kaboni kama asilimia 1 na kiligeuzwa kuwa kigumu kwa moto uliopimwa. Karibu na nyuzi 200 za Selsiasi huanza kulegea, na makali ni membamba kiasi kwamba hufika huko kabla wewe hujahisi joto mgongoni. Rangi ya majani makavu ni onyo. Ya buluu ni msiba.

Mpini

Kama unafunga na kufungua kwa ukaidi kidogo, na wembe unaingia katikati bila kugusa vibao, uache. Ukiwa umelegea, weka ribiti juu ya chuma kizito, gonga kichwa chake kwa nyundo ndogo ya mviringo, mapigo mepesi kwa kuzunguka. Unagonga kama unayepasua karanga bila kuvunja kokwa.

Mpini wa pembe ya ng'ombe uliokauka na kubanduka tabaka huchovywa ndani ya mafuta ya miguu ya ng'ombe, au ya madini, siku tatu au nne, ukarudi kuwa mweusi.

Uliovunjika ndio wa kutengenezewa mwingine, na hapa tuna bahati ambayo wenzetu wa Ulaya wanainunua ghali. Pembe za ng'ombe wa Ankole, kutoka Uganda na Rwanda, ni ndefu, pana na zina rangi za mawingu. Mpingo nao, mti wa taifa wa Tanzania, ni mzito hata unazama majini, na haunywi maji ya kunyolea. Pata vibao viwili vya unene wa milimita 3, uviunganishe kwa tepu na uvichonge kwa pamoja ili vilingane. Vaa barakoa, vumbi la mpingo linawasha na la pembe linanuka kama nywele zilizoungua.

Ribiti ya zamani itoe kwa kusaga kichwa chake na tupa, kisha uisukume. Mpya utaipata kwa wauza vifaa vya kulehemu: kijiti cha shaba cha milimita 1.6 ndicho hasa kinachotakiwa. Toboa tundu la upana huohuo, pitisha kijiti, tia washa, vile visahani vidogo vyenye tundu, pande zote, ukate ukiacha milimita 1 tu ya kugongea. Ukiacha ndefu itapinda. Ukikaza mno wembe hautafunguka, na ribiti haina njia ya kurudi. Gonga, jaribu, gonga.

Kunoa

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, na ni kwa sababu wanakuja na mazoea ya kisu. Kisu unakiinua, unasugua upande mmoja mpaka ukingo ujipinde, unageuza. Wembe hauinui kamwe. Unaulaza bapa, mgongo na makali vyote juu ya jiwe, na unageuza upande kila mpigo ili ukingo usijipinde.

Kile kinoo cha sokoni cha kijivu chenye pande mbili ni cha panga, kiache jikoni. Unahitaji namba 1000, namba 4000 au 5000, na namba 8000. Namba 12000 ni nzuri ukiipata. Kuna na mawe ya asili, la manjano la milima ya Ardennes huko Ubelgiji na la kijivu la Thuringia, Ujerumani, lakini yasikusumbue mwaka wa kwanza.

Sawazisha jiwe kabla ya yote. Chora miraba ya penseli juu yake, weka msasa wa maji namba 400 juu ya kipande cha kioo cha dirisha, mwagia maji, sugua jiwe mpaka mistari yote itoke. Mistari ikibaki katikati, jiwe lina bonde, na wembe utalinakili bonde hilo.

Tepu mgongoni? Watu hugombana kwa hili. Mimi hubandika tabaka moja la tepu nyeusi ya mafundi umeme pale tu mgongo una nakshi au umelika bila usawa. Inainua pembe kidogo, kwa hiyo ukianza nayo maliza nayo, na uibandike mpya kila unapobadilisha jiwe.

Sasa jiwe la 1000, na hili ndilo linalounda makali. Mengine yote yanayalainisha tu. Paka wino wa kalamu nzito ukingoni pande zote mbili. Lowesha jiwe. Shika shingo kwa kidole gumba na viwili, laza wembe, sukuma makali yakitangulia kwenda mbele, bila kukandamiza zaidi ya uzito wa mkono. Mwisho wa jiwe geuza kwa mgongo, urudi. Jiwe ni jembamba kuliko urefu wa wembe, kwa hiyo unaposukuma unauvuta pia kwa mshazari, kisigino kikitangulia na kichwa kikimalizia. Wino ukifutika kote, unagusa makali yenyewe. Ukibaki karibu na kisigino, mkono wako unaegemea mbele. Wembe unaotabasamu haukubali kulazwa wote mara moja. Uzungushe kifundo cha mkono polepole unapousukuma ili kila sehemu ipate zamu.

Utajuaje umemaliza? Chukua nyanya iliyoiva, weka makali juu ya ganda bila kusukuma, vuta kidogo. Lazima ganda lifunguke penyewe, kichwani, katikati na kisigino. Kisha jaribu vinyweleo vya mkono karibu na ngozi, tena kwa urefu wote. Ikiwa sehemu moja inakataa, usisonge mbele. Wembe mmoja wa Wostenholm ulinishikilia kwenye 1000 kwa saa mbili na nusu, sehemu ndogo kama punje ya mchele karibu na kichwa haikutaka, mpaka kioo cha kukuzia kiliponionyesha kwamba bado kulikuwa na pengo la zamani. Ningepanda jiwe la 8000 ningeling'arisha pengo lenyewe.

Kwenye 4000 au 5000 piga kama mara 30 au 40, mpaka mikwaruzo ya 1000 ipotee chini ya kioo. Kwenye 8000 vivyo hivyo, lakini sasa uzito ni wa wembe tu. Ukisikia maji yakisukumwa mbele ya makali kama wimbi dogo na wembe ukianza kunata juu ya jiwe, umefika. Asiye na 12000 apake kromiamu oksidi, ile ya kijani, kwenye ubao laini, na apitishe mara 10, mgongo ukitangulia.

Jaribio la unywele unaoning'inia hewani na kukatwa kwa kuguswa linasifiwa sana, ila lilibuniwa na watu wenye nywele zilizonyooka. Unywele wangu unajikunja kabla haujaguswa. Naliamini shavu.

Ukanda

Ukanda wa kunolea ni ngozi ya upana wa sentimita 6 au 7, nyuma yake kitambaa kizito cha pamba. Fundi viatu mzuri atakukatia ngozi ya ng'ombe isiyopakwa rangi. Funga upande mmoja kwenye kitasa, vuta ukaze; ukilegea unayazungusha makali. Hapa mgongo ndio unaotangulia, kinyume cha jiwe, na mwisho wa kila mpigo unageuza juu ya mgongo. Anayegeuza juu ya makali hukata ukanda, na kila mmoja wetu ameukata angalau mmoja. Kitambaa mara 20, ngozi mara 50, kila kabla ya kunyoa. Kasi si kitu. Vinyozi wa kwenye sinema wanacheza.

Kunyoa mara ya kwanza

Maji ya moto usoni, povu zito, ngozi imevutwa kwa mkono mwingine. Wembe uulaze karibu na ngozi, nyuzi 30 hivi, usiusimamishe na usiusogeze kwa upande hata kidogo. Siku ya kwanza nyoa mashavu tu, ukifuata ndevu zinakoelekea, umalizie kwa kifaa chako cha kawaida. Sisi wenye ndevu za kujikunja, zinazozaa vipele, tuna sababu ya kuishia kwenye mpito mmoja na kutoilazimisha ngozi iwe kama kioo. Na wembe huu ni wako peke yako. Virusi vya Ukimwi na homa ya ini aina ya B husafiri kwa damu usiyoiona, na ndiyo maana kinyozi makini hubadilisha kiwembe mbele ya macho yako.

Kutunza mahali penye chumvi hewani

Nairobi wembe unaweza kusahauliwa bafuni wiki nzima. Mombasa, Tanga au Unguja usiku mmoja unatosha. Ukimaliza kunyoa suuza, pangusa kutoka mgongoni kwenda makali, kunja tishu upitishe kati ya vibao hadi kwenye ribiti, maana maji hujificha hapo. Uache wazi saa nzima. Kisha mafuta: ya cherehani au ya madini, tone moja likisambazwa kwa kidole. Ya nazi na ya kupikia yanaganda na kunata.

Usihifadhi ndani ya ala ya ngozi, ngozi hushika unyevu. Mimi natumia boksi la bati lenye zile pakiti ndogo za kunyonya unyevu zinazokuja na viatu vipya, na kila mwezi nazianika juani. Bafuni haukai kabisa. Kabati langu lina kufuli. Methali inasema mtoto akililia wembe apewe, lakini aliyeitunga hakuwa na wembe wa 1860 wala wajukuu watatu.

Ukianza kuvuta ndevu badala ya kukata, usikimbilie 1000. Mipito 10 kwenye ile kijani, kisha ukanda, mara nyingi inatosha. Isipotosha, rudi kwenye 8000. Wembe unaonyolewa nao kila siku hunirudisha jiweni kila baada ya miezi miwili au mitatu. Zisizotumika zikague kila mwezi, uzifungue na kuzifunga, upake mafuta tena. Na zile zenye mpini wa seluloidi zipe boksi lao peke yake, lenye matundu.